Kulipa Siku za Watu

Walisema sitamaliza diploma. Walisema mtoto aliyekulia nyuma ya mbuzi hawezi kuelewa mitambo, na kwamba nitarudi nyumbani Mwala kabla ya muhula wa pili. Nikamaliza diploma ya ufundi wa friji na viyoyozi, nikiwa wa pili darasani. Aliyekuwa wa kwanza baba yake alikuwa fundi. Walisema joto la Ghuba litanishinda. Nilikaa Ghuba hadi nikawa msimamizi wa mafundi, watu wa mataifa ambayo hapa sokoni hawawezi hata kuyatamka. Walisema nikirudi, pesa zitaisha kabla nyumba haijafika kwenye linta. Nyumba ni hii, ya mawe, na ukipita barabara ya Muthetheni utaiona kabla hujaliona kanisa.

La mwisho walilosema lilihusu figo. Binamu yangu mmoja, ambaye hajawahi kumaliza jambo lolote isipokuwa chakula kilicho kwenye sahani, alitangaza mbele ya watu pale buchani: "Huyo sasa ni mtu wa mashine. Hata mahindi ya msimu ujao hatayaonja."

Nimeyaonja, na ya misimu iliyofuata. Lakini watu wanaokuja kuniuliza nilivyofaulu huniuliza juu ya chumvi, maji na dawa za presha. Hakuna anayeuliza juu ya kichwa. Nami nilikaribia kufa kwa kichwa, figo zikiwa zimeshapata tiba.

Figo ziliharibiwa na presha niliyorudi nayo kutoka Ghuba bila kujua kuwa ninayo. Daktari mjini Machakos aliposoma majibu ya damu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma upya. Tangu hapo Jumatatu na Alhamisi zikawa siku za kusafishwa damu. Kwenye mkono wangu wa kushoto waliunganisha mshipa na mshipa ili sindano zipate damu ya kutosha, na ukiweka kidole hapo unasikia mtetemo usiokoma. Wagonjwa wengine waliuogopa. Mimi niliutambua siku ya kwanza: ni mtetemo wa kompresa ya friji iliyo nzima.

Niliimudu mashine ile ya kusafisha damu kuliko mgonjwa yeyote wodini. Pampu, mirija, chujio, hakuna kilichokuwa kigeni kwangu. King'ora kilipolia nilimwambia nesi, "Mrija umejikunja chini ya mto," kabla hajafika kitandani, na kweli alikuta umejikunja. Nesi mkuu alisema siku akikosa mtu wa zamu atanivalisha koti. Maji niliyapima kwa kikombe cha mtoto, na huo ulikuwa mgawo wa siku nzima, katika kiangazi cha Mwala. Wenzangu walifika kwenye mizani wamejaa kama viriba. Mimi mizani ilinistahi. Kanisani wakaanza kunitaja kama mfano.

Halafu kitu kikaingia ambacho sikukijua jina.

Kilianza karakanani. Ningefungua friji ya mteja, niangalie nyaya, nijue kabisa ni waya gani, na bado mkono usiinuke kuchukua koleo. Ningekaa hivyo mpaka mteja arudi. Nilimwambia nasubiri kipuri. Usingizi ukaniacha. Chakula kikakosa ladha, hata ile nyama kidogo niliyoruhusiwa. Mke wangu akinisimulia habari za watoto nilisikia sauti, maneno sikuyasikia. Wodini, nesi aliuliza maswali yake ya kila mwezi: unalala vizuri, unafurahia mambo uliyoyafurahia zamani, una mawazo ya kujidhuru? Nilimjibu kama mtu anavyomjibu ofisa wa uwanja wa ndege, kwa kifupi na kwa kumtazama usoni. Nalala. Nafurahia. Sina.

Kulikuwa na kaunsela, mwanamke wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, aliyewekwa hasa kwa ajili yetu sisi wa figo. Shida ilikuwa mlango wake. Ulitazamana na mabenchi ya kungojea, na kila aliyeingia alihesabiwa na macho ya watu wa kutoka Katelembo hadi Masii.

"Injinia," aliniambia jirani yangu wa kitanda, dereva wa lori mstaafu mwenye tumbo na mdomo mkubwa, "mlango ule uogope. Ukiingia na figo mbovu unatoka na figo mbovu na wazimu juu."

"Mimi sina cha kufuata huko."

"Hata mimi sina. Nilipita tu kuuliza choo."

Nilicheka naye. Nilikuwa bado najua kucheka panapohitajika.

Sasa nieleze habari ya mwethya, kwa sababu ndiyo iliyonivunja na ndiyo iliyonishika. Kwetu Ukambani watu wa kijiji hujikusanya kikundi, leo wanalima kwako, wiki ijayo kwangu. Hiyo ndiyo mwethya. Hakuna anayelipwa. Unachopewa ni siku ya mtu, na siku ya mtu unairudisha kwa siku yako. Nilipokuwa mzima sikuwahi kushika jembe la mwethya. Mke wangu ndiye alikuwa mwanachama. Mimi nilituma kibarua niliyemlipa vizuri, na nilijiona mtu wa maendeleo.

Mvua zilipokaribia, mwethya ikaja kwetu kuchimba fanya juu, yale matuta ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu ili maji yasikimbie na shamba. Walikuja asubuhi na mapema, wanawake wengi na wanaume wachache, wakaanza kuimba. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha plastiki barazani, na blanketi magotini kama bibi. Nikawaona akina mama wenye umri wa mama yangu wakirusha udongo wangu. Nikamwona hata yule binamu, shati amelivua, akichimba. Aliinua mkono kunisalimu. Sidhani kama kuna kitu kilichowahi kuniuma kama mkono ule.

Siku ile nilibaki kitini mpaka wakamaliza. Lakini ndani yangu hesabu ilifungwa: mke anahangaika kwa ajili yangu, watoto wamehamishwa shule kwa ajili yangu, na sasa kijiji kinainama kwa ajili yangu. Nikaamua siendi tena kwenye mashine. Sikuita jambo hilo kufa. Nililiita kupumzika. Na kilichofuata, nakisema kwa mtu yeyote aliye mahali nilipokuwa: nilipokwisha kuamua nilisikia utulivu, nikala ugali wote, na mke wangu akafurahi. Utulivu ule ulikuwa ugonjwa wenyewe ukisema.

Nilimwambia mke wangu kwamba Alhamisi hakuna zamu, mashine zinafanyiwa ukarabati. Ni fundi aliyesema, nani angebisha?

Alhamisi ikapita. Ijumaa viatu vikakataa kuingia miguuni. Jumamosi nikawa siwezi kulala chali, pumzi ilikuwa inakatika kama mtu aliyepanda kilima. Mke wangu alikuwa anachambua mbaazi nje simu yake ilipolia. Nilimsikia akisema, "Ukarabati," halafu, "Hakuna ukarabati?" Aliyepiga alikuwa nesi mkuu.

Mke wangu hakuingia ndani. Aliteremka mteremko moja kwa moja, na baada ya muda mfupi akarudi na mwenyekiti wa mwethya, jirani yetu, mama mjane ambaye uso wake haujawahi kumbembeleza mtu. Mama huyo aliketi kwenye kochi mkabala nami bila kukaribishwa. Mke wangu alibaki amesimama mlangoni, mikono bado ina maganda ya mbaazi.

"Kumbe ulikuwa unatuaga na hukusema," yule mama akaanza.

"Mwaitu, nimechoka tu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na ndivyo tunavyomwita mwanamke wa rika lake.

"Mke wako anasema ulimdanganya."

"Mimi nimekuwa mzigo."

"Nani amekuambia wewe ni mzigo? Mtaje, nimwendee."

"Hakuna aliyesema. Nina macho."

"Macho uko nayo." Akajipangusa vumbi la sketi polepole. "Wale watu waliochimba hapa unadhani walikuja kukupa sadaka?"

Ndivyo nilivyodhani.

"Hii ni mwethya, si kanisa. Kila aliyeshika jembe hapa amekukopesha siku. Na jirani yako aliyekuja na mguu mbovu, pia amekukopesha. Sasa wewe unataka kwenda na siku za watu."

"Mke wangu atarudisha."

"Mke wako atarudisha zake. Kibarua simtaki, nimekaa nikivumilia vibarua wako miaka yote hii. Zako ni zako."

"Nirudishe kwa mkono gani?" Nikamwonyesha mkono wa kushoto, ule usioruhusiwa kuinua hata ndoo. "Mwaitu, niangalie."

"Nakuangalia. Nimesikia watu wakisema hapa kuna mtu alikuwa anaamrisha Wahindi na Wafilipino kule Arabuni. Huyo mtu ndiye huyu anayeniuliza mkono gani?"

Hasira ilinipanda. Ilikuwa hasira ya kweli, ya kwanza kuisikia kwa miezi mingi, na kifua kilikuwa hakina nafasi yake, nikakohoa mpaka machozi.

"Nitalipa," nikasema. "Kila mmoja. Sijawahi kula cha mtu."

"Maiti hailipi. Ingia kwa gari."

Gari lilikuwa tayari getini, Probox ya jirani mwingine. Mwaitu alikuwa ameliita kabla ya kuketi.

Wodini walinipachika kwenye mashine haraka, na siku hiyo sikumfundisha mtu kazi yake. Pumzi iliporudi, kaunsela akaja. Hakuniita kwenye ule mlango. Alivuta kiti akaketi kando ya kitanda, chini kidogo kuliko mimi, nami nilikuwa nimefungwa kwa mirija miwili na sikuwa na pa kwenda.

"Niulize moja kwa moja?" akasema.

"Uliza, madam."

"Ulipokosa kuja, ulitaka kufa?"

Nilitazama pampu ikizunguka. Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nilikuwa na lile la ukarabati, lile la uchovu, na lile la Mungu ndiye anayejua. Kwenye kitanda cha pili dereva wa lori, aliyehamishiwa zamu ya Jumamosi, alikuwa amefumba macho na mdomo, jambo lisilo la kawaida. Nilimaliza majibu yote kichwani, likabaki moja.

"Ndiyo," nikasema.

Kaunsela hakushtuka wala hakunihubiria. Akauliza, "Na sasa hivi?"

"Sasa hivi sijui."

"Hilo pia ni jibu. Tutaanzia hapo."

Nililia. Nalitaja kwa sababu naandika ukweli, na kwa sababu nimewaona wanaume wengi wodini wakilia ndani ya shuka wakidhani ni wao peke yao. Kaunsela alipoondoka kumwita daktari, dereva wa lori alisema bila kufumbua macho, "Mimi nilimwambia ndiyo mwaka jana. Siku ile niliyopita kuuliza choo."

Daktari alieleza kwamba huzuni niliyokuwa nayo ni ugonjwa wenye dawa kama presha ilivyo na dawa, na kwamba huwapata watu wengi wa figo: sumu inayobaki mwilini, usingizi mbovu, kiu, kazi iliyopotea, yote hujenga nyumba moja. Alichagua kidonge kisichoudhi figo, akaanza na kipimo kidogo, akaniambia nisitarajie muujiza wiki ya kwanza. Kaunsela alitaka kuniona kila Alhamisi nikiwa kwenye mashine, na alitaka mke wangu ajue kila kitu. Alitaka pia kwa kipindi fulani nisibaki peke yangu, si nyumbani, si njiani.

Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu, kwa maana mke wangu ana kazi. Mwenyekiti wa mwethya hakuliona gumu. Akapanga zamu: kila siku ya mashine mtu mmoja wa kikundi atanisindikiza mjini, atangoja, atanirudisha.

"Hiyo ni mkopo pia," akaniambia. "Usije ukasema nilikuonea huruma."

Hivyo nikazidi kudaiwa. Na nitasema jambo ambalo wenye kiburi wenzangu wataelewa: huruma ningeikataa, deni sikuweza kulikataa. Asubuhi nyingi sikuwa na sababu nyingine ya kutoka kitandani ila hiyo. Kaunsela alipolisikia alisema ni sababu nzuri ya kuanzia, lakini akanitazama kwa wasiwasi.

Kidonge kilichukua muda wake. Siku moja karakanani niliona mkono umeshika koleo na sikukumbuka kuuamuru. Hapo nikaanza kulipa. Jembe sikuliweza, lakini nani mwingine kutoka hapa hadi mjini angeweza niliyoyaweza? Nilifufua pampu ya sola iliyokuwa imelala tangu mfadhili wake aondoke. Nilitengeneza friza ya mwenye duka la soda, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, incubeta ya kuangulia vifaranga. Mkono wa kulia ulifanya kazi, wa kushoto ulishika tochi. Mwenyekiti ndiye aliyepima kama kazi inafika siku ya mtu, naye alikuwa mkali.

"Redio si siku. Hiyo ni kabla ya chai."

"Mwaitu, nimebadilisha bodi nzima."

"Ulikuwa umeketi na ulikuwa unaimba. Nusu."

Binamu yangu nilimlipa kwa kumtengenezea waya za pikipiki, na kwa kuwa alitaka kulipa neno lake la buchani, alinung'unika kitu kama pole. Nilimwambia aijaribu taa ya nyuma.

Kadiri nilivyopata nguvu ndivyo nilivyoongeza kasi. Nililipa watu wawili kwa wiki, kisha zaidi. Nilikuwa najisifu wodini: wamebaki wachache, wamebaki kidogo tu. Alhamisi moja kaunsela akasogeza kiti karibu.

"Unawahi nini?"

"Sipendi kudaiwa."

"Ukishamaliza?"

"Nitakuwa huru."

Alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, huru, kisha akanieleza bila kuzunguka kwamba mtu anayefunga madeni yake yote kwa haraka huwatia watu wa kazi yake hofu. Nikakasirika. Nikamwambia nimekuwa mtu wa kulipa tangu nizaliwe. Lakini njiani kurudi nililigeuza swali lile kila upande, na sikupata jibu ambalo ningemwapia mtu. Kama deni ndilo lililonitoa kitandani, likiisha nitatokaje? Usiku nilimwamsha mke wangu nikamwambia hivyo hivyo. Aliketi, akanishika ule mkono unaotetema, akanisikiliza. Tangu hapo tukakubaliana: wazo likija nalitaja siku hiyo hiyo, hata kama ni dogo, hata kama naona aibu.

Akabaki mtu mmoja wa kulipwa, mwenyekiti mwenyewe. Kila nilipomwendea alikuwa hana kitu kibovu. Taa zake zinawaka. Simu yake nzima. Nilimwambia jiko lake la gesi linavuja, akasema analipenda linavyovuja. Nilielewa anachofanya. Alikuwa ananishikilia kwa siku yake moja kama mtu anayeshikilia ng'ombe kwa kamba.

Nilimweleza kaunsela. Akasema, "Mwambie unachoniambia mimi. Yeye hajui kwamba unajua."

Basi nikaenda kwake Jumatano, kabla ya jua kukaza. "Mwaitu, najua kwa nini hutaki. Nina mtu wa kumwambia sasa wazo likinijia. Nina wawili. Nipe kazi."

Alinitazama mpaka nikaanza kutazama kuku. Kisha akanipeleka jikoni, akavuta shuka, na chini yake kulikuwa na friji kuukuu ambayo mwanawe alimletea kutoka Nairobi ikiwa imekufa. Ilikuwa kazi ya kweli: gesi imevuja yote, bomba limetoboka nyuma, panya amekula nyaya. Nilichomelea bomba, nikalipima, likavuja tena, nikachomelea upya. Mama huyo aliketi kwenye kigoda siku nzima. Hakwenda shambani. Mchana alinipa ugali na mboga aliyoichemsha akamwaga maji yake ya kwanza, namna sisi wa figo tunavyotakiwa kupikiwa. Sikuwahi kumwambia, aliuliza kwingine.

Jioni kompresa ikanguruma. Tukangoja. Aliweka kiganja ndani, akakiacha humo mpaka akakunja uso kwa baridi.

"Hii ni siku," akasema. "Huna deni na mtu."

"Nimewalipa wote?"

"Wote. Hakuna mtu Mwala anakudai." Akafunga mlango wa friji, akauegemea. "Kesho ni Alhamisi. Utaenda kwa sababu gani?"

Nilikuwa nimejitayarishia jibu la kishujaa, nikaliacha.

"Wazo lilikuja leo asubuhi," nikamwambia. "Kabla ya kuja hapa. Lilikuwa fupi. Nilimwambia mama watoto kabla hajaweka chai."

"Na kesho likija?"

"Nitasema tena. Kwenye mashine nitakwenda, niwe nalo au nisiwe nalo."

Hakusema ni vizuri. Alichukua tochi yangu, akanisindikiza mpaka barabarani, na hapo akanikabidhi tochi, akageuka akarudi kwake. Hakunifikisha nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu wa mwethya kuniacha nitembee peke yangu.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi vya kuloweka. Nilimwambia nimelipa wote, mpaka wa mwisho, na kwamba sijui mwanamume mwingine wa kijiji hiki anayeweza kusema hivyo. Kisu kilisimama.

"Unajisikiaje?" akauliza.

"Nimechoka. Nina njaa. Sijambo."

Akanitazama kwa muda, akaendelea kumenya.

"Kesho uniamshe mapema," nikamwambia, "nisikose gari."

"Amka mwenyewe," akasema. "Simu si uko nayo?"

Nikaitoa simu mfukoni, nikatega kengele.